Watu wa Mbali Waliomfundisha Binti Yangu Kukamua

Dishi la intaneti lilipofungwa juu ya bati la duka langu mjini Bariadi, nilidhani vijana watakuja kusoma. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na mengi niliyoyajua niliyapata vitabuni, peke yangu: kwanza ukarani wa mizani, wakati pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi na kila kampuni ikatafuta mtu wa kupima, kisha kupiga chapa, kisha kompyuta. Kwa hiyo niliweka kamusi kando ya kila mashine, nikaona nimefungua kitu kinachokaribia maktaba.

Vijana walikuja. Kamusi hawakuzigusa. Walikuja kuuliza maswali.

Kulikuwa na jukwaa moja la Kiswahili ambalo watu wa kila mahali waliingia kwa majina ya kujibandika. Wengine walisema wako Tanga, wengine Songea, mmoja alidai yuko Oman na hakuna aliyeweza kumpinga. Vijana wetu walikaa mbele ya mashine, wakasubiri ukurasa ufunguke polepole kama pazia zito, kisha wakaandika kwa kidole kimoja. Waliponiita niwatafutie alama ya kuuliza kwenye kibodi, niliyaona maswali yenyewe. Nimefeli mtihani, baba bado hajui, nimwambie sasa au tukishauza pamba? Dagaa wangu huwa wachungu, nakosea wapi? Msichana akikurudishia kitabu bila kusema neno, maana yake nini? Karibu wote walianza kwa kusema ni tatizo la rafiki yao.

Fundi baiskeli mmoja, kijana aliyeishi peke yake nyuma ya soko, ndiye aliyekuwa na shida ya dagaa. Nilimuuliza kwa nini asimuulize mama yake.

"Mzee," alisema, "hapa Bariadi ukiuliza kitu asubuhi sokoni, jibu linakutangulia nyumbani. Hawa hawanijui. Wakinicheka, wanacheka huko huko kwao."

"Na wakikudanganya?"

"Dagaa wataniambia."

Jibu lile lilinifurahisha, na nikawa nawapenda vijana wale kwa ajili yake. Walikuwa na haya, lakini haya yao haikuwazuia kutaka kujua. Sikufikiri kwamba binti yangu alikuwa mmoja wao.

Binti yangu alikuwa anasoma ukatibu Mwanza. Likizoni alinisaidia dukani, na ni hapo alipokutana na mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi huko Kiloleli, aliyeletwa na shida ya kuchapa mitihani. Mitihani ile ilikuwa na makosa mengi ya kurekebisha, na kila kosa lilihitaji safari nyingine ya kuja mjini. Hatimaye mshenga akaja.

Kwao mwalimu ni Zagayu. Baba yake alikwisha kufariki, na boma lilikuwa mikononi mwa mama yake, mwenye ng'ombe wengi na neno moja. Neno hilo mshenga alitufikishia akiwa ameinamisha kichwa: mama hana ubaya na binti, ila hajui kama mtoto aliyekulia kwenye mashine za mjini anaweza kukaa bomani. Mwalimu alikuwa anatafuta uhamisho arudi karibu na mama yake, na mke wake angeishi pale. Binti aje kwanza akae siku chache, na shangazi yake. Baada ya hapo mama atasema.

Sisi ni watu wa Ukerewe. Mimi nawajua samaki. Ng'ombe nilikuwa namjua akiwa buchani. Mke wangu hali kadhalika. Lakini nilikuwa na kijitabu cha ufugaji, na nilisubiri binti yangu aniulize nimpe. Hakuniuliza. Wiki zile kabla ya safari alikuwa anakwenda kila asubuhi kwa jirani yetu, bwana shamba mstaafu aliyefuga ng'ombe mmoja wa kisasa kwenye banda. Nilidhani anafuata maziwa.

Alikwenda Zagayu, akarudi na goti lililovimba.

"Imekuwaje?" mama yake aliuliza.

"Nilianguka."

"Na mama mkwe amesemaje?"

"Hajasema. Walicheka tu." Akaanza kupanga nguo zake za kurudi Mwanza. Shangazi yake, ambaye kwa kawaida hana siri, alisema aulizwe mwenye goti.

Siku zikapita. Mshenga hakuja. Mwalimu aliniandikia ujumbe wa simu kwamba mama yake bado anafikiri, na kwamba naye haelewi anafikiri nini. Kutoka Mwanza binti yangu alipiga simu kila Jumapili, akaongea habari za hali ya hewa. Mtoto wangu hajawahi kujali hali ya hewa.

Kisha, siku ya mnada, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili alisimama mlangoni pa duka akiwa ameshika kibuyu. Sikuwahi kumwona, lakini sura ya mwalimu ilikuwa usoni pake.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu.

"Mwangaluka, mama. Karibu."

Nilimpa kiti changu. Alikaa, akaweka kibuyu miguuni, akazitazama mashine moja moja, na vijana waliokuwa wameziinamia.

"Sijaja kusema ndiyo wala hapana," alisema. "Nimekuja kuwaona hao watu."

"Watu gani, mama?"

"Waliomfundisha binti yako. Shangazi yake ameniambia wako humu."

Nilimwambia sielewi. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mbele ya baraza.

"Aliamka kabla ya jogoo wangu. Akawasha moto, akachemsha maji. Nikasema vizuri, anapika uji. Kumbe! Amechukua maji kwenye ndoo, amechukua kitambaa na mafuta ya mgando, anaingia zizini. Baba, mimi nimezaliwa na ng'ombe, nimeolewa kwa ng'ombe. Sijaona ng'ombe anaogeshwa kwa maji ya moto."

Vijana kwenye mashine walikuwa wameacha kuandika.

"Kwetu wanakamua wavulana," aliendelea. "Wanawake tunangoja maziwa na vibuyu, sisi ndio wa kusuka siagi. Wavulana wako pale na ndama, maana ng'ombe wetu bila ndama hashushi maziwa. Yeye amempita ndama, amempita kila mtu, amechuchumaa, anampaka yule ng'ombe mafuta kwenye kiwele. Hajamfunga miguu!"

"Akapigwa teke," nilisema.

"Ndoo huku, yeye kule. Sasa nionyeshe hao watu."

Sikuwa na la kumwonyesha isipokuwa jukwaa. Nililifungua na kutafuta kukamua, na baada ya kusubiri sana swali likatokea. Aliyeuliza alijiita kwa jina la ndege mdogo ambaye binti yangu alimpenda tangu utotoni. Nikaanza kulisoma kwa sauti, kwa kuwa mgeni wangu hakujua kusoma.

"Rafiki yangu anakwenda kwa mama mkwe ambaye ni mfugaji. Hajui kukamua, na anaogopa kuonekana hafai. Mchumba wake hawezi kumuuliza, atajua kwamba hajui. Mama yake ni mtu wa ziwani. Baba yake anajua mambo mengi, lakini ukimuuliza anakupa kitabu..."

Nilisimama hapo. Fundi baiskeli, aliyekuwa mashine ya pembeni, alikohoa ndani ya kiganja chake.

"Endelea," alisema mama.

Nikaendelea. Majibu yalikuwa mengi na yalitolewa kwa moyo. Mtu wa Moshi alieleza maji ya uvuguvugu, kitambaa safi na mafuta, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wa Njombe alisema ng'ombe aimbiwe. Wa Oman alisema anunue maziwa ya kopo. Wote walikuwa wakimfikiria ng'ombe mmoja mpole wa bandani, kama yule wa jirani yetu; kumbe asubuhi zile binti yangu alikwenda kujifunzia kwake. Hakuna aliyeuliza huyo mama mkwe yuko wapi, wala kwao nani anakamua. Nilikiri kwa sauti kwamba hata kijitabu changu cha ng'ombe kisingemwambia hilo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Hawa si watu wabaya," alisema. "Wamemfundisha kukamua ng'ombe wa kwao." Akakizungusha kibuyu kwa kidole cha mguu. "Na wao hawajui nani anauliza?"

"Hawajui."

"Hata mimi nikiuliza?"

"Hata wewe, mama."

Alisogeza kiti chake karibu na mashine na kushusha sauti, ingawa duka zima lilikuwa limetega sikio. "Andika. Kuna mama mmoja, rafiki yangu, wa huku kijijini."

Niliandika.

"Binti wa mjini alikuja kwake. Akawekewa ugali wa mtama na maziwa mgando, akala kidogo sana, akasema ameshiba. Siku zote, ameshiba. Huyo mama anauliza, binti wa mjini anakula nini? Maana mtu hawezi kukaa mahali asipokula."

Jibu nilikuwa nalo. Nimemlisha mtoto yule tangu anatambaa. Ningeweza kumgeukia na kumwambia yote, anachopenda na anachosukuma pembeni ya sahani. Lakini hakuwa ameniuliza mimi. Alikuwa amekuja kutoka Zagayu, mbali na jirani zake, akakaa mbele ya baba wa binti mwenyewe, na bado akachagua kumuuliza mtu wa Songea. Nilimtazama fundi baiskeli, nikakumbuka dagaa wake. Nikaweka alama ya kuuliza, nikalituma.

"Watajibu lini?" aliuliza.

"Mnada ujao utayakuta."

Aliniachia kibuyu. Kilikuwa na maziwa.

Mnada uliofuata alikuja mapema zaidi. Nilimsomea majibu kama yalivyokuwa. Chai na mkate. Chapati na maharage. Mmoja alisema mabinti wa mjini hawali, wanaogopa kunenepa, na mama akaguna. Wa Oman alisema chipsi, ikabidi nieleze chipsi ni nini.

"Viazi!" alisema. "Viazi ninavyo gunia."

Jibu la mwisho lilikuwa limeingia asubuhi ile, chini ya jina la ndege. Sikuwa nimeliona kabla, na nililisoma polepole.

"Mwambieni huyo mama kwamba binti wa mjini anaweza kula wanachokula wenyeji. Asubuhi michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na chai vinamtosha, anavipenda. Maziwa mgando hajayazoea, apewe kidogo kidogo, atazoea. Hakusema ameshiba kwa dharau, alikuwa na aibu. Kuna jambo moja tu. Watu wakicheka, naye aambiwe kinachochekesha. Akiachwa peke yake na kicheko, hata chakula kizuri hakipiti kooni."

"Rudia," alisema mama.

Nikarudia. Alivua kanga ya juu, akaikunja mapajani, akaifunua, akaikunja tena. Sikumwambia ni nani aliyeandika. Hakuniuliza.

"Unaweza kuwajibu?" alisema hatimaye.

"Naweza."

"Andika basi. Waambie yule ng'ombe ana jina baya boma zima. Alimpiga teke bwana mifugo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, sindano ikaruka mpaka kwenye mbuyu. Toka siku ile tunasema anangoja msomi mwingine. Binti alipoanguka, mwanangu mdogo akasema, amempata. Ndicho tulichokicheka. Hatukumcheka yeye." Alifikiri. "Hapana. Weka hivi: tulimcheka kidogo, kwa yale maji ya moto. Lakini aliinuka, akaokota ndoo, akamwambia ng'ombe samahani. Nikaingia ndani nikacheke huko, nisimwaibishe. Kumbe kumwacha peke yake kule nje kulikuwa vibaya zaidi."

Fundi baiskeli alikuwa anacheka waziwazi sasa, na mama alimwacha.

Nilikuwa naandika kwa vidole vyote, kama nilivyojifunza kwenye mashine ya kupiga chapa, na bado alinipita mara kadhaa. Niliomba arudie, akarudia kwa uvumilivu. Nilipomaliza niliuliza kama kuna la nyongeza.

"Lipo. Waambie huyo mama ametafuta kibuyu kipya cha kusukia, amekifukiza moshi, kiko tayari kimening'inizwa ndani. Pamba ikishatoka shambani, binti mwenyewe aje akichukue. Kukamua aachie wavulana." Akasimama na kujifunga kanga yake. "Na mshenga nitamtuma, usiogope. Ila yeye maneno yake ni machache, hawezi kubeba yote haya."

Mlangoni aligeuka. Kwa mara ya kwanza hakuniita baba.

"Mkwe," alisema, "hicho kitabu chako cha ng'ombe, kimeandika habari ya ndama?"

Nilimwambia kimeandika kidogo.

"Basi usimpe."

Jumapili ile simu ya Mwanza iliita mapema. Binti yangu hakuzungumzia hali ya hewa. Aliuliza kama gunia la michembe linaweza kupakiwa kwenye basi la Bariadi, au kule anakokwenda ipo ya kutosha. Nilikuwa na jibu, lakini nilimwambia amuulize mwenye boma.