Chumvi kwenye Kikopo cha Ugoro

Shule niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka. Habari hii ni ya mawe ya figo, lakini zaidi ni ya aibu yangu.

Jiwe la kwanza lilinishika shambani Mpitimbi, wakati wa palizi. Maumivu yalianzia ubavuni yakashuka mpaka kinenani, nikalala kwenye tuta la mahindi nalia kama mtoto. Lilipotoka siku ya tatu lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Mimi nilidhani nazaa tofali!

Daktari niliyepelekwa kwake hospitali alikuwa kijana mgeni wa mkoa huu, mwenye adabu. Akasema, "Babu, hili limetoka, lakini usipojilinda litakuja lingine. Maji unywe mpaka mkojo uwe mweupe. Chumvi punguza sana, nyama iwe kidogo, na dagaa wa chumvi uwaache. Maziwa usiache." Nikaitikia kila neno. Mke wangu alikuwa pembeni, anayahesabu maagizo kwa vidole.

Maji niliyaweza, ingawa si kirahisi. Sisi tumelelewa kwamba mwanaume hanywi maji shambani kabla hajamaliza ngwe yake; ukiomba maji mapema wanakuuliza mimba ina miezi mingapi. Siku hizi nabeba chupa ya lita moja na nusu, wacheke wakitaka. Kilichonishinda ni chumvi.

Nyumbani kwetu kule Mfaranyaki, mke wangu aliacha kutia chumvi siku ileile. Na yeye mwenyewe akaacha kuila. Nikamwambia, "Mama, wewe si utie kwenye sahani yako?"

"Nile chumvi wewe unanitazama? Mimi siyo mchawi."

Basi tukawa tunakula majani ya maboga chukuchuku, wote wawili.

Nilivumilia majuma mawili hivi. Halafu nikafanya jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Kwetu, kikopo cha ugoro cha mzee hakiguswi na mke wala mtoto, na hakuna anayeuliza kina nini. Ugoro ule mzuri nikaumwaga, nikajaza chumvi. Ikifika saa ya kula, chakula kimeshatengwa, nasema, "Mama, pilipili." Mke wangu ana magoti mabovu. Anashika ukuta, anainuka, anakwenda jikoni. Akigeuka tu, mimi nanyunyiza. Hivyo mchana na jioni, karibu mwaka mzima.

Jiwe la pili likaja. Tukarudi kwa daktari yuleyule. Akauliza, "Babu, masharti unayafuata?" Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akasimama.

"Daktari, kosa ni langu. Mpishi ni mimi. Labda kuna kitu nakosea."

Akajifuta machozi kwa kanga. Na mimi nimelala pale, kikopo kiko mfukoni mwa koti, nikanyamaza. Ningesema maumivu yalinifunga mdomo, lakini hapana, sindano ilikuwa imeshafanya kazi. Nilinyamaza kwa akili zangu timamu.

Tangu hapo akawa anaosha hata mchicha mara tatu, maskini. Na mimi, Mungu anione, niliendelea kuagiza pilipili.

Siku moja jumuiya yetu ya kanisani ikasali kwetu. Baada ya sala tumekaa uani, mzee mwenzangu, tuliyecheza naye utotoni, akaninyooshea kiganja. "Mlongo wangu, ndugu yangu, nionjeshe ugoro."

"Umeisha."

"Umeisha na mfuko umetuna? Uchoyo huo utaenda nao kaburini!"

Mzee kwa mzee hawanyimani ugoro, kwa hiyo hakuona vibaya kuingiza mkono kwenye koti langu. Akachota, akavuta kwa pua zote mbili. Jamani! Alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka, machozi yakamtiririka. Akalamba kidole.

"Huyu mtu ananusa chumvi!"

Uani wote ukacheka. Mke wangu hakucheka. Alikitazama kikopo, akanitazama mimi, halafu akayatazama magoti yake. Nikajua amejua. Hata kukiri sikukiri mwenyewe, mwenzangu alikiri kwa pua yake.

Wageni walipoondoka akatenga chakula. Kikopo kilikuwa kando ya sahani yake. Akakifungua, akanyunyiza mboga yake taratibu, akala tonge la kwanza amefumba macho, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Mimi nikala yangu chukuchuku.

Mwisho akasema, "Pilipili ukiitaka, iko jikoni."

Nikainuka, nikaifuata. Mpaka leo naifuata mwenyewe, na maji yangu nachota mwenyewe. Kikopo kimebaki upande wake wa meza, na mimi ndiye nisiyekigusa.