Itakaukia Njiani

Mke wangu hakuniamini nilipomsimulia, na wewe sikulazimishi. Ila jua hili: sikuwa nimekunywa kitu, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na aliyeyaona mambo haya ni mimi mwenyewe, fundi magari wa hapa Masuguru, Korogwe.

Nianze na Bakari, rafiki yangu. Alikuwa na Land Rover ya zamani, ya kijani, akibeba mahindi na mihogo kutoka Sindeni kwenda Mkata. Gari lile hakuligusa fundi mwingine ila mimi. Siku moja alikuja nimbadilishie oili ya difu. Difu ni ile nundu ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma; ndani mna gia zinazozungusha magurudumu, na kwa nyuma kuna kifuniko kinachofungwa kwa bolti. Ukikifungua, unakwangua gundi ya zamani yote, unafuta kwa petroli na kitambaa kikavu, unapaka gundi mpya, unafunga, halafu unaiacha ikauke ndipo umimine oili. Nimewafundisha wengi hivyo.

Siku ile mimi sikufanya hivyo. Kulikuwa na mpira uwanjani, timu ya mtaa wetu inacheza, nikataka kuwahi. Ndiyo, mpira. Nilifuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta, nikapaka gundi juu ya gundi, nikafunga na kumimina oili hapo hapo.

Bakari alikuwa amechuchumaa pembeni. "Fundi," akaniuliza, "si tungoje kwanza ikauke?"

"Itakaukia njiani," nikamjibu.

Akacheka, akawasha gari. Aliniamini yule bwana.

Siku ya nne tukaletewa habari kwamba amepinduka kwenye mteremko, kilomita chache kutoka Sindeni, na amefariki palepale. Nilikwenda na wenzangu kulivuta gari. Watu wanalia, mimi nimeinama nyuma nachungulia. Gundi ilikuwa inaning'inia kama gamba la kidonda. Oili yote ilikuwa imevuja, gia zimeungua na kugandana. Magurudumu ya nyuma yalijifunga ghafla, gari likiwa na mzigo, mteremkoni. Niliuvuta ule utepe wa gundi, nikautia mfukoni. Nilipofika nyumbani nikautupa chooni.

Unadhani kuna aliyeniuliza? Hakuna. Walikwisha kupata jibu lao.

Bakari alikuwa na shangazi yake pale Sindeni, Bi Mwantumu, mjane asiye na mtoto. Wiki moja kabla ya ajali Bakari alipita na gari juu ya mihogo yake, na yule mama kwa hasira akasema mbele za watu, "Gari hilo litakuja kukula wewe mwenyewe!" Maneno ya hasira, nani hajawahi kuyasema? Lakini baada ya mazishi ndugu walimfuata, wakamwambia ni mchawi, asilale tena kijijini. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mkekani na kikombe cha chai mkononi, namtazama akifunga nguo zake kwenye kanga, na sikufungua mdomo.

Akahamia Mkata, akawa anachoma mihogo barabarani yanaposimama mabasi. Siku moja nilishuka pale, nikakutana naye uso kwa uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni fundi, hebu niambie ukweli. Gari linaweza kupinduka lenyewe, bila mtu kulitakia mabaya?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, kooni. Nikamwambia, "Mungu ndiye anayejua, shangazi." Akaniwekea kipande cha muhogo mkononi, akakataa kabisa nimlipe.

Mwezi wa tano tangu mazishi, nilikwenda Sindeni kutengeneza mashine ya kusaga. Nikawa narudi na pikipiki yangu, adhana ya adhuhuri imekwisha kitambo. Pale mteremkoni alipopindukia Bakari nikakuta Land Rover ya kijani imepandishwa jeki, na miguu ya mtu imetokeza chini yake, amevaa katambuga, vile viatu vya tairi. Magari ya rangi ile ni mengi, nikajipa moyo. Fundi hampiti mtu aliyeharibikiwa, kwa hiyo nikasimama.

"Pole, kaka. Nini tena?"

Mkono ukatokeza. "Nipe kitambaa. Kikavu."

Nikampa. Niamini, mkono ule ulikuwa na vumbi lakini hauna hata tone la jasho, na jua lile lilikuwa linapasua mawe. Nikachuchumaa pembeni, uso wake sikuuona. Alikwangua gundi ya zamani taratibu, akafuta, akafuta tena. Alipaka mpya mstari mwembamba, akarudisha kifuniko, akakaza bolti moja moja. Kazi safi kuliko yangu yoyote. Nikaona chupa ya oili imesimama karibu, nikaichukua nimsaidie kumimina.

"Weka," akasema. "Tungoje kwanza ikauke."

Nikairudisha chupa chini. Sauti ile ningeijua hata kaburini.

"Tutangoja mpaka lini?" nikauliza, sijui kwa nini.

"Mimi sina haraka tena."

Nikasema, "Bakari, nisamehe." Nikasema tena, nikalia, nikataja mpira, gundi, kitambaa, na shangazi yake. Nilipoinama kuchungulia, hakukuwa na mtu, wala gari. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani makavu peke yangu, mbele ya doa jeusi la oili linalonuka kuungua, na kitambaa changu kimelala juu yake.

Niligeuza pikipiki nikarudi Sindeni saa ileile. Nikamkuta Idi, kaka yake Bakari, pamoja na mjane wa marehemu. Nikawaeleza yote tangu mwanzo. Mjane alijifunika uso. Idi alinitazama sana.

"Amekupa nini yule mama?" akaniuliza.

"Hajanipa kitu. Mimi ndiye niliyemuua ndugu yako."

"Miezi mitano ulikuwa wapi? Amekuroga na wewe, uje umsafishe. Onyesha hiyo gundi, basi."

Ningeonyesha nini? Hata gari lilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Wakanitoa uani.

Nikakimbilia Mkata. Nilifikiri, hawa wasiponiamini, yeye ataniamini, angalau roho yake itulie. Nilipiga magoti mbele ya jiko lake, nikamwambia ni mimi, wala si yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipangusa vumbi begani.

"Usinifariji, mwanangu," akasema. "Nimewaza usiku na mchana. Nilisema litamla, na likamla. Ni huu ulimi wangu."

Nikaapa. Nikarudia. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyonihurumia.

Sasa ni mwaka wa pili. Sifungui tena difu ya mtu. Mikono yangu inanuka oili iliyoungua, na sabuni haiiondoi. Mke wangu anasema hasikii harufu yoyote. Barabara ya Sindeni siipiti. Mkata nakwenda kila Jumamosi, nakaa na Bi Mwantumu kidogo. Siku hizi akiongea anaziba mdomo kwa ncha ya kanga, maneno yake yasije yakamdhuru mtu.

Wewe unayenisikiliza, fundi au si fundi, ukikosea sema siku hiyohiyo, kabla kaburi halijafukiwa. Usingoje. Mimi nilingoja, na nilipokuja kusema, hata niliyemdhulumu hakunisikia.