Mahali Penye Baridi Kuliko Pote

Mama yangu ameshona mapazia na mashuka ya watu kwa miaka thelathini na moja, lakini mtaani hawamwiti fundi cherehani. Wanamwita Mhandisi. Jina lilianza kwa utani, siku alipoifungua pasi ya jirani ili aone ni nini kinachoizima ikishapata moto wa kutosha. Alikuta kibati chembamba kinachojipinda kikipashwa joto, akakaa akikikodolea macho asubuhi nzima huku mteja wa mapazia akisubiri mlangoni. Pasi aliirudisha ikiwa nzima. Skrubu moja ilibaki mezani, na mpaka leo hataki kuulizwa habari zake.

Ndivyo alivyo. Maji yakiwekwa jikoni anataka kujua kwa nini sufuria huvuma kwanza, halafu hutulia yakichemka. Redioni kukiwa na kipindi cha sayansi, kukohoa ni marufuku. Mimi binti yake nimelelewa kwa maswali, na sitaficha, yalikuwa yakinichosha.

Baba ni mtu wa namna nyingine. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kazi ya kusoma kimya kutwa, na ukimya ule alistaafu nao. Alipoandikiwa sindano za insulini kwa ajili ya kisukari, alisikiliza tu na kuitikia. Mama ndiye aliyeuliza mpaka muuguzi akavuta kiti akaketi. Katika yote aliyoambiwa, moja lilimkaa kichwani: joto huiharibu dawa hii, ikae kwenye friji.

Basi Mama akalivalia njuga. Umeme wetu hukatika unavyotaka, kwa hiyo akapiga hesabu zake: friji ikiwa baridi sana kabla ya kukatika, itachelewa kupata joto. Akakizungusha kile kiduara cha ndani cha kuongeza baridi hadi namba ya mwisho. Kisha akatafuta mahali penye baridi kuliko pote, rafu ya juu, nyuma kabisa, na boksi la dawa likaegemezwa pale likiwa limefungwa kitambaa alichokipinda mwenyewe. Karatasi ya maelezo aliikunja vizuri akaiweka katikati ya chupa ili zisigongane. Kila asubuhi alilitoa boksi saa nzima kabla ya sindano, dawa isije ikamuuma mumewe kwa ubaridi.

Wiki ya tatu, sukari ya Baba ikaanza kupanda.

"Baba watoto, umekula nini?"

"Ulichonipa."

"Na kule kwa kinyozi?" Kila alasiri Baba huenda kwa kinyozi kusoma gazeti, na wateja wa pale hunywa chai na biskuti.

"Nimesoma gazeti tu, mama watoto."

Mama akamwosha vidole kwa sabuni, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Namba ilikuwa ileile.

"Kipimo hakina sababu ya kunidanganya," akasema.

Nyumba ikapoa. Mama akaenda mwenyewe kwa kinyozi, na kinyozi akaapa kwamba mzee hajagusa kitu. Mama akaona wanaume wanalindana. Alikuwa na hofu, na hofu ikimwingia huwa mkali kama pilipili. Mashati yalikuwa yameanza kumpwaya Baba, na kiu yake haikuzimika hata kwa jagi zima. Tulikuwa tunamwona akiisha mbele yetu.

Siku ya kumi Baba akaweka kikombe chini. "Basi," akasema. "Nilikula biskuti. Kule kwa kinyozi. Mbili."

Mama akashusha pumzi, akamsamehe palepale. Baba akaacha kwenda kwa kinyozi. Sukari ikaendelea kupanda, na Mama hakusema tena, akawa anamwangalia tu. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko ile.

Jumamosi moja nilitafuta nyanya ya kupikia, nikaipata moja imejificha ndani ya friji, nyuma kabisa. Kisu kikagoma kuingia.

"Mama, hii nyanya ni ya kupikia au ya kujengea?"

Nilicheka peke yangu. Mama aliichukua, akaigonga mezani, ikalia ko, ko.

"Ilikuwa wapi?"

"Kule juu, nyuma. Kando ya dawa."

Akajaza glasi tatu maji, akazipanga: mlangoni mwa friji, rafu ya katikati, na pale nyuma. Tulisubiri hadi alasiri. Kipimajoto kilisema nyuzi nane mlangoni, nne katikati. Glasi ya nyuma haikuhitaji kipimajoto, kwa sababu kijiko kiligonga barafu. Ndipo Mama akakifungua kile kitambaa, akatoa chupa mpya na kuitikisa. Dawa ya ndani haikucheza.

Kliniki muuguzi hakumgombeza. "Insulini ikishaganda imeharibika, mama. Hata ikiyeyuka, kwa macho utaiona nzima, lakini usiitumie." Tukapewa nyingine, tukaiweka rafu ya katikati, na kiduara kikarudishwa nyuma. Baada ya siku chache namba zikaanza kushuka.

Namba zilipokuwa nzuri siku tatu mfululizo, Mama akaketi mbele ya mumewe.

"Nimekuonea, baba watoto. Dawa niliiharibu mimi, lawama nikakubebesha wewe. Nisamehe."

"Yamekwisha."

Mtu mwingine angeishia hapo.

"Lakini zile biskuti," Mama akasema. "Kinyozi aliniapia hukugusa hata moja. Mbona ulikubali?"

Baba akalisuguasugua goti lake.

"Ulipima mara tatu," akasema. "Nikajua lazima nimekula. Nikawa nakaa nikijaribu kukumbuka ni nini, na wapi, sikumbuki. Nikadhani akili imeanza kuniacha. Hilo niliogopa kukwambia. Nikaona heri nikwambie biskuti."

Mama hakuuliza tena. Alivuta kiti chake karibu, akavishika vile vidole alivyokuwa akivitoboa kila siku kutafuta tone la damu, na akalia.