Keki ya Farasi

Mume wa fundi cherehani, mtaani walimwita Kamati, naye jina hilo alilivaa kama nishani. Ukuta wa nyumba yake ukipata ufa, huitisha kikao. Kushika saruji kwa mkono wake, thubutu! Basi farasi wa jirani walipoanza kufa ghafla, bila jeraha wala homa, kichwa kilimvimba. Akaitisha mchango wa kumleta daktari wa mifugo achunguze kilichowaua. Mkewe alishona vitambaa vya meza huku akisonya.

Siku ya mchango pakafungwa turubai na spika, na mezani ikawekwa keki yenye umbo la farasi. Watu walichanga kwa moyo. Kamati alihutubia mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye daktari aliyealikwa akavaa glavu, akauliza, "Mizoga iko wapi?"

"Tuliichoma yote jana," Kamati akajibu, kifua mbele. "Wageni wangekerwa na harufu."

Mkewe akachukua kisu mezani, akamkabidhi daktari.

"Pasua keki, daktari," akasema. "Ndio mzoga pekee aliotubakizia huyu."