Mama Alipoijibu Mashine

Mpaka leo sijaelewa sawasawa juma lile lilikuwaje, na walionieleza wamenizidishia tu vurugu kichwani. Nitayasema kama yalivyotokea, nawe ukiyaelewa unijulishe.

Mie ni mwandishi wa matangazo katika redio yetu ndogo hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Si mtangazaji, mtangazaji ana sauti nzuri na maringo. Mie nakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, watu wanakuja na habari zao: nani kafariki na maziko saa ngapi, mbuzi wa nani kapotea, chanjo ya watoto itakuwa wapi. Naziandika kwenye kompyuta, kiongozi wa redio anazipitia, ndipo zinasomwa hewani. Lisiloandikwa halisomwi. Zamani nilikuwa nachapa kwa vidole viwili huku macho yakizitafuta herufi. Presha ya macho ilipoyamaliza macho, vidole navyo vikapotea. Ugonjwa huo ni wa kwetu. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, ulimpofusha miaka mingi kabla yangu.

Basi nikawekewa programu ya kuandika kwa sauti. Unasema, yenyewe inaandika, halafu kompyuta inakusomea ilichoandika. Loh! Programu ile ilikuwa inakijua Kiswahili cha watu wa Dar es Salaam na cha vitabuni. Hiki chetu, chenye Kireno kimechomekwa katikati, ilikuwa inakibabaisha. Tangazo la mistari mitatu nalirudia mpaka koo linakauka, na wenye msiba wamekaa kwenye benchi wananisikia nikigombana na mashine juu ya maiti wao. Niliona haya mpaka nikataka kulia. Kiongozi wa redio alinivumilia, kisha siku moja akaniambia, "Dada, tuelewane. Ramadhani ikiingia na mashine bado haikuelewi, meza hii nitampa mwingine. Si kwa ubaya." Ati si kwa ubaya! Nilitamani kumrushia spika. Bila meza ile mie ni mtu wa kuketishwa mkekani na kuulizwa kama nimeshiba, na sikuwa tayari.

Ndipo akaja fundi, mama wa makamo kutoka Pemba, ile ya huku Msumbiji, mwepesi wa kucheka. Alisema watu wanaoitengeneza programu ile wanataka kuiboresha kwa ajili ya wasioona, na wanahitaji sauti za watu wa huku, hasa za wasioona wenyewe. Zikipatikana za kutosha, na zikiwa safi, programu mpya itakijua Kiswahili cha Palma. Zisipopatikana, Palma itarukwa. Nikamwambia, "Dada, kaa hapohapo, usiondoke." Nikajitoa mimi, nikamtoa mama yangu, na nikamwomba maalim mmoja wa mtaani kwetu, mzee aliyesomesha madrasa mpaka macho yakamkatalia.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Mwenye macho anasoma sentensi kwenye kioo. Asiyeona anavaa spika za masikioni, sauti inamwambia sentensi, inalia "ti", naye anairudia vilevile. Basi. Fundi alieleza mara mbili, sote tukaitikia kwamba tumeelewa.

Maalim akawa wa kwanza. Sauti ikamwambia, "Assalaam aleikum." Naye akaitikia kwa kirefu, "Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh."

"Maalim, urudie tu kama ulivyosikia," fundi akasema.

"Nisalimiwe nisiitikie? Kesho nitamjibu nini Mwenyezi Mungu?"

Sentensi iliyofuata ilikuwa, "Treni inaondoka saa mbili." Maalim akafikiri kidogo, akasema, "Iondoke salama." Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Ilipofika zamu yangu, mie mjuzi, mie mtu wa redio, sauti ikaniuliza "Umeamkaje?" na kinywa changu chenyewe kikajibu, "Salama, sijui wewe." Fundi alikuwa hajiwezi kwa kicheko.

Wa kwetu hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mtu mzima akikwambia neno, nawe ukamrudishia vilevile usoni pake, umemfanyia mzaha. Mtoto anachapwa kwa hilo. Mie mwenyewe nilikula kofi la shangazi kwa kurudia maneno yake mbele ya wageni, nikakoma. Sasa anakuja mtu kutoka Pemba anatuomba tufanye tabia ile ile, tena kwa kujitolea. Mama yangu alipovaa zile spika alikaa wima, akajifunika kanga vizuri, na kila alichoambiwa akakijibu kwa adabu. Nikamfokea, "Mama, usijibu! Rudia!" Akaniambia, "Mtu anauliza, nami nimrudishie swali lake? Ndivyo nilivyokulea?"

Fundi alikuwa na kazi nyingine mji wa Mocímboa. Akamfundisha mama kitufe cha kubonyeza, akatuachia mashine, akapanda chapa, basi dogo la abiria. Siku zile nikawa nashinda redioni, mama anabaki chumbani na spika zake kwa sababu ua ulikuwa na makelele ya kuku. Nikirudi namuuliza, "Umefanya kazi?" Ananijibu, "Tumezungumza vizuri." Mimi na haraka zangu sikusikia kwamba amesema tumezungumza.

Fundi alirudi Alhamisi, na safari hii hakucheka. Sauti za mwanzo alizotuma zilikuwa zimekataliwa. Nikamuuliza zina kosa gani, ni sauti zetu halisi, Kiswahili ni chetu halisi. Akanieleza kwa upole. Mashine inafundishwa kwa kulinganisha: andiko linasema hivi, sauti inasema hivi, viwe kitu kimoja. Andiko likisema swali na sauti ikisema jibu, mashine inachanganyikiwa.

"Na mie je?" nikamwambia. "Mie nani atanilinganishia?"

Akasema zilizobaki kwenye mashine lazima zichambuliwe siku ile ile, zenye majibu zifutwe, zirekodiwe upya, kwa sababu kesho yake anaondoka kwenda Pemba na orodha ya sauti inafungwa. Akanishika kidole, akanigusisha: kitufe cha kushoto, weka, cha kulia, futa. Mama alikuwa jikoni. Nikavaa spika, nikaketi chumbani juu ya kitanda chake, nikaanza.

"Chai iko tayari?" sauti ikauliza. Mama akajibu, "Bado, mkaa umelowa, subiri kidogo." Futa.

"Nani yupo nyumbani?" "Nipo peke yangu, binti kaenda kazini. Karibu." Futa.

"Mvua itanyesha leo." "Nami naisikia kwenye magoti." Futa.

Nilikuwa natabasamu, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikereketa, na nilikawia kukijua. Sauti ile ya mama siijui. Sisi wawili tunaishi kwa kufokeana, nani kahamisha sufuria, nani kaacha ndoo mlangoni. Kumbe ana sauti nyingine, laini, ya mtu aliyetembelewa. Nikaona wivu, wallahi, nikaionea wivu mashine.

Kisha ikamuuliza, "Una watoto wangapi?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Siku wenye silaha walipoivamia Palma tukakimbia, yeye ndiye aliyetushika mikono, mama mkono huu, mie mkono huu, mpaka ufukweni, ghuba ya Tungue, tukakaa mchangani kungoja mashua na watu wengine. Akarudi nyumbani mara moja. Hakuja tena, na hatujapata habari yake, ya uhai wala ya kifo. Nilimwambia mama kwamba alirudi kufunga mlango. Si kweli. Mie ndiye niliyemtuma, kwa kumnong'oneza sikioni. Wakati ule jicho langu moja lilikuwa bado linaona mwanga, dawa yake ya matone niliisahau dirishani, nami niliogopa kuupoteza ule mwanga. Tangu tuliporudi, mama hajamtaja mwanawe hata kwa bahati mbaya. Nami nikajiambia kwamba amesahau, au amekubali. Ndiyo, nilijiambia upuuzi huo.

Basi nikasikiliza kilichorekodiwa. Kuku mmoja alilia mbali. Halafu mama akasema, kwa sauti yake ile laini:

"Wawili. Wa kike ndiye huyu mwenye mashine, hodari wa kufoka. Wa kiume alirudi kumchukulia dada yake dawa ya macho. Nilikuwa nimekaa pale pale, niliwasikia. Aliondoka mbio, hata viatu kaviacha. Sasa sijui nimhesabu au nisimhesabu. Wewe unaonaje?"

Sauti ikaendelea na yake: "Leo ni Jumatatu."

"Eti?" mama akauliza.

Nilisikiliza mara tatu. Nilitaka kwenda jikoni, nilitaka kuanguka, nilitaka kumpigia kelele mama kwamba miaka yote ananipa chai na kunikumbusha dawa na huku anajua. Uani nilikuwa namsikia fundi akiongea na simu, anamwambia mtu kwamba jioni atakuwa amemaliza. Sitaki kusema uongo: niliiwaza meza. Niliwaza mkeka. Nikabonyeza kulia. Mashine ikasema, "Imefutwa," nami nikaendelea na sentensi iliyofuata kama mtu mwenye akili zake.

Nilipomaliza nikamuuliza fundi, kama kwa mchezo, iwapo kilichofutwa kinaweza kurudi. Akasema hakirudi. "Kwani kuna ulichokitaka? Ungeniambia, dada, ningekutolea nakala, ni jambo la dakika moja." Nikamwambia hapana, hakuna.

Ikabaki kurekodi upya. Mama akaitwa, akafuta mikono, akaketi. Nikamwambia, "Mama, leo sahau adabu. Huyu mtu mfanyie mzaha. Muigize kama watoto wanavyoigiza watu wazima."

"Kweli?"

"Kweli. Nimekuruhusu."

Kha! Mama yangu kumbe ni mtundu. Alirudia kila sentensi bila kukosa, anabana pua kidogo mpaka fundi anamsihi aseme kwa sauti yake. Treni, chai, mvua, vyote vikapita. Fundi alikuwa amechomeka spika nyingine ili nami nisikie. Basi nikaisikia inakuja, "Una watoto wangapi?", nikaziba mdomo kwa kiganja.

Mama hakubana pua. "Ti" ilipolia, akasema taratibu na kwa ufasaha, "Una watoto wangapi?" Fundi akanong'ona kwamba hiyo ni safi kuliko zote.

Zilikubaliwa. Kabla ya Ramadhani programu mpya ilikuja, ikanielewa, na meza ile ni yangu mpaka ninavyosema hivi. Wenye msiba wanakuja, nasema mara moja, inaandika. Kiongozi wa redio ananisifu mbele za watu. Nashukuru, na wakati huo huo sijui nashukuru nini.

Lakini siku ile, fundi alipokwisha kufunga vitu vyake na kutuaga, tulibaki wawili chumbani. Mama akauliza, "Kazi yako imepona?"

"Imepona."

"Alhamdulillahi."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasema, "Mama, siku ile tulipokuwa Tungue, mie ndiye niliyemtuma. Ilikuwa dawa yangu."

Nikamsikia anajifunga kanga upya. Kisha akasema, "Mbona sijakuuliza?"

Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa huruma pia, au mie ndiye sikuisikia. Kama alikuwa ananisamehe au ananifungia mlango, sijui. Adhana ya magharibi ikaanza, akaniomba maji ya kutawadha. Nikaleta birika, nikapapasa mpaka nikaupata mkono wake, nikammiminia taratibu. Nilitaka kumuuliza mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, ana watoto wangapi. Sikuthubutu, na mpaka leo sijathubutu.