Kaburi Alilochimba Mwenye Lori

Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara ya mazao, kila mwenye lori akawa mnunuzi wa mahindi. Wa kwetu, huku juu upande wa Mwazye, alikuwa mtoto wa jirani yangu. Alishusha chumvi na sabuni, akapakia magunia, na juu ya magunia akapakia vijana.

"Twendeni mjini, washikaji. Matuta waachieni bibi zenu."

Wanangu wote wawili walipanda humo. Kila mavuno lori liliondoka na wengine, mpaka tukabaki vikongwe, na shule ikakosa watoto wa darasa la kwanza.

Nilimwambia, "Unatumalizia watu."

Akacheka mbele ya vijana aliowapakia. "Mama, watu si mahindi, hawakai ghalani."

Neno hilo nililitunza.

Kisha mama yake akafa. Mwenzangu huyo niliyelima naye tangu usichana nilimwosha mwenyewe. Mwanawe akaja na jeneza kutoka Sumbawanga, viatu vinang'aa. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji. Basi akaketi akasubiri vijana. Jua likapita utosini, akanifuata.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia.

"Vijana wako wapi? Kaburi bado."

"Uliza lori lako."

"Mama, usinifanyie hivyo. Ni mama yangu yule."

"Najua. Alipougua alikuulizia wewe, si mimi."

Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao wakatokea na majembe begani. Watu wema wale. Nikawazuia njiani: "Kaeni kwanza. Leo mchimbaji yupo."

Nikampa jembe langu. Alitazama huku na huku, akavua viatu, akaanza. Udongo wetu wa kiangazi ni mgumu, na mikono ile ilikuwa imezoea usukani. Ikatoka malengelenge, yakapasuka. Alipopumzika, kikongwe mmoja akamwambia, "Kina bado, baba. Fisi wa huku hawajahamia mjini."

Tukacheka msibani. Ndiyo, tulicheka.

Jua likielekea kuzama tulimzika mwenzetu, vizuri, kwenye shimo la kina. Mwenye lori akanirudishia jembe, mpini una damu.

"Marahaba," nikamwambia.

Wapo wanaosema nilikuwa katili. Na waseme. Wanangu hawajarudi. Mahali pangu pa kulala nimeshawaonyesha Wasukuma wa bondeni, nao wamekubali kuchimba. Wanangu wakija siku hiyo, wasipewe jembe. Wapewe viti, wakae na wageni.