Siku Bibi Alipomsalimia Babu Kitabuni

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kumwona dada yangu, nikaingia kwenye duka moja la vifaa vya shule kuwanunulia watoto wake madaftari. Nilitoka bila madaftari. Rafu ya juu, kati ya boksi za chaki na mipira isiyojazwa upepo, kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha kilichovikwa nailoni, na jaladani twiga wawili wamesimama kwenye ukungu. Mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu aliyejitanda mtandio wa kijani, aliniona nimekodoa macho.

"Kiteremshe tu, dada, ufungue," akasema. "Mwaka wa pili huu kimekaa hapo, hakuna anayekiulizia."

Nikakifungua. Usinicheke: sikuangalia picha kwanza. Nilikiinamia nikakinusa. Harufu ya wino na ya karatasi nzito inayoteleza ilinipanda kichwani, nikajiona tena darasa la nne, pale Kasoli, mikono imelowa maji ya sabuni, nasubiri mwalimu afunue ukurasa.

Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado inahesabika mkoa wa Shinyanga. Vitabu vya shule yetu vilikuwa vichache, tena vidogo, vimechanika pembe, tunasoma watoto sita kitabu kimoja, wengine tukikisomea kichwa chini miguu juu. Kisha siku moja mwalimu wetu alirudi kutoka stendi ya mabasi amebeba kifurushi mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani yake kilikuwamo kitabu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuona. Alitumiwa na mpiga picha mmoja, mwanamke mgeni, ambaye miaka mitano nyuma alizunguka vijiji vyetu wakati wa kiangazi, na mwalimu ndiye aliyekuwa akimtafsiria Kisukuma. Kitabu kilikuwa shukrani yake.

Mwalimu angeweza kukificha nyumbani kwake. Hakufanya hivyo. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliweka beseni la maji mlangoni na kipande cha sabuni ya mche. Tulinawa, tukajipangusa kwenye nguo zetu, tukajipanga kuizunguka meza yake. Naye alinawa. Halafu akashika pembe ya ukurasa kwa vidole viwili na kuufunua taratibu, na chumba kizima kikanyamaza.

Niseme nini ujue tulivyoduwaa? Sisi tulikuwa watoto wa pamba na ng'ombe. Mbuga ya wanyama haikuwa mbali nasi, wakubwa walitusimulia habari za tembo na nyumbu, lakini wengi wetu hatukuwa tumeona mnyama mkubwa zaidi ya fahali wa jirani. Na sasa hapa palikuwa na jicho la tembo, jicho moja tu, limejaa kurasa mbili. Lilikuwa na kope! Kope ndefu, na mikunjo ya ngozi kuzunguka jicho ilikuwa kama ardhi ya mbuga iliyopasuka kwa jua. Mtoto wa mbele yangu alirudi nyuma akanikanyaga. Palikuwa na nyumbu wamefunika nchi mpaka upeo wa macho, kama punje za uwele zilizomwagika. Palikuwa na mcheza ngoma aliyejizungushia chatu shingoni, jasho linamtiririka, nawe unaona kila tone.

Ila kilichonishangaza zaidi si wanyama. Ni pamba. Ukurasa mmoja ulikuwa na rundo la pamba mbele ya nyumba ya udongo, na jua la asubuhi limelipiga, likawa jeupe lenye rangi ya waridi ndani yake. Pamba ileile iliyonichoma vidole, iliyonifanya niamke alfajiri, niliyoichukia. Niliitazama nikajiuliza, hivi ndivyo ilivyo? Siku hiyo nilipofika nyumbani nililizunguka rundo letu mara mbili nikilichungulia, mpaka bibi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nililelewa na bibi, mama yake baba yangu. Babu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, mwaka uleule alipopita mpiga picha. Tena hapo ndipo palipokuwa na neno lililokuwa halisemwi kwa sauti. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu, aliamini kwamba kile kimashine cha yule mwanamke ndicho kilichomnyonya baba yake nguvu. Babu alitoka asubuhi akiwa mzima, akapigwa picha mtoni, akarudi na homa, na siku ya tatu tukamzika. Wengi waliokuwa bado wameshika mambo ya zamani walimwunga mkono. Bibi hakuwahi kusema lolote.

Ijumaa moja mwalimu aliitwa ofisini kabla hajafunua kitabu. "Asiguse mtu," akasema, akatoka. Tulijizuia kidogo, kisha kiranja akasema, "Tumenawa, kwani kuna ubaya gani?" Akafunua moja, akafunua nyingine. Akafika kwenye picha ya mtu aliyesimama ndani ya shimo la maji, lile linalochimbwa kwenye mchanga wa mto mto unapokauka. Shimo lilimfika kifuani. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanasubiri zamu, na yeye amenyanyua uso kuelekea kwetu, anacheka, pengo la jino la mbele liko wazi.

Nilipiga kelele. Nilijua pengo lile. Nilikuwa nikiingiza kidole changu humo nikiwa nimepakatwa.

Mwalimu alirudi mbio, akaona ukurasa uliofunuliwa, akakaa kwenye kiti polepole. "Nilikuwa nataka kuuruka huo," akasema, si kwa hasira. "Nilikuwa bado natafuta namna ya kuwaambia nyumbani kwenu." Ndipo nikaelewa kwa nini alitufunulia ukurasa mmoja mmoja, yeye ambaye kwa mambo mengine yote alikuwa mtu wa haraka.

Nilimkuta bibi uani akikatakata viazi vitamu vya kuanika, vile vinavyokauka vikawa michembe. Nilimwambia huku nahema: babu yupo shuleni, yupo kwenye kitabu, anacheka. Kisu kilisimama. Baba mkubwa, aliyekuwa akifunga ndama pembeni, alisikia. Akaja.

"Niliwaambia!" akasema. "Wamemfungia humo. Jumatatu nakwenda kukichukua, nakichoma."

"Utachoma nini?" bibi akauliza.

"Hicho kitabu, mayu, mama yangu. Baba apumzike."

Bibi akachukua kiazi kingine. "Mimi sichomi mtu ambaye sijamwona," akasema.

Jumatatu asubuhi alioga, akajifunga khanga mpya, akavaa viatu alivyoviweka kwa ajili ya misiba. Nilitangulia mimi, bibi akafuata, na baba mkubwa nyuma yetu, kiberiti kimevimba kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilihisi kwamba mimi ndiye niliyempeleka babu motoni.

Mwalimu alitupokea mlangoni. "Karibu, mayu," akasema, akamletea bibi beseni. Bibi akanawa mpaka kwenye viwiko. Watoto wa darasa letu walijaa madirishani, na wa madarasa mengine nyuma yao. Mwalimu akafunua.

Bibi alitazama kitambo. Kisha akapiga magoti pale chini kwenye vumbi la chaki, kama mwanamke wa kwetu anavyompigia mumewe, akainamisha kichwa na kusema, "Mwangaluka, baba." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Alisema na kunyamaza, kama anayempa mtu nafasi ya kuitikia.

Aliponyanyuka alikisogelea kitabu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Ghafla akashika meza.

"Anakula," akasema.

Hatukuelewa. Akaweka kidole hewani juu ya picha, bila kuigusa. "Angalieni shavu. Angalieni pale kwenye mchanga, kitambaa changu kimefunguliwa. Anakula!"

Ni kweli. Shavu moja la babu lilikuwa limetuna, na ukingoni mwa shimo palikuwa na kitambaa chenye maua na vipande vya michembe juu yake. Sisi wote tulikuwa tumeona mtu anayecheka tu.

Bibi alikaa kwenye kiti cha mwalimu akatueleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu kwa miaka mitano. Asubuhi ile waligombana. Babu alikuwa amempa mjomba wake mtamba mmoja bila kumwambia mkewe, na bibi akamsema maneno mazito mbele ya watoto. Babu akajibu kwamba chakula cha mwanamke mwenye mdomo kama huo hatakionja tena. Hata hivyo bibi alikuwa ameshafunga michembe na karanga kwenye kitambaa, akakitundika kwenye fimbo ya babu, naye akaondoka bila kugeuka. Alirudi anatetemeka kwa homa, kitambaa hakipo, na maneno ya maana hayakumtoka tena mpaka alipokata roho.

"Nilidhani alikitupa," bibi akasema. "Nilidhani amekufa na njaa na hasira yangu." Kisha akacheka na machozi yakitiririka. "Kumbe alikula, mzee huyu. Alikula na kucheka."

Akamgeukia mwanawe. "Unasema mashine ilimchukua. Ilimchukua ikampeleka wapi? Si huyu hapa?"

Baba mkubwa alikuwa mtu mrefu mwenye sauti. Alichuchumaa chini palepale, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanamtikisika. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baada yake.

Mwalimu alitoa wembe kwenye droo. "Mayu, huyu ni wenu. Nitaukata ukurasa mwende naye nyumbani." Nilijua alivyokipenda kitabu kile. Ni kama alikuwa anatoa jicho lake.

Bibi alikubali kwa kichwa. Wembe ulipokaribia akasema, "Ngoja," akaugeuza ukurasa kuangalia upande wa pili. Palikuwa na bikizee mmoja asiyemfahamu, amekaa mlangoni kwake, anapepeta karanga kwenye ungo.

"Na huyu ni wa nani?"

Mwalimu akafikiri. "Nadhani ni wa Ipililo huko. Sikumbuki vizuri."

"Basi huyu naye ana wenyewe," bibi akasema. "Nikimchukua wangu, nitaondoka na wa watu. Waache hapohapo."

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumatatu, karanga za kuchemsha za mwalimu zikiwa kwenye kikapu. Habari zilienea kuliko tulivyotarajia. Watu walianza kuja shuleni kutafuta watu wao: wa Kasoli, wa Ipililo, hata mama mmoja aliyetembea kutoka Sola, ambako pia mpiga picha alipita, akitumaini kumwona binti yake aliyefariki. Alinawa, akafunua kurasa zote kwa mkono wake, bila haraka, mpaka ya mwisho. Binti hakuwamo. Yule mama akaomba arudi nyuma kidogo, amwone tena tembo. Akalitazama lile jicho muda mrefu, nalo likamtazama. Siku ile alilala kwetu, na bibi alimpa kitanda chake.

Kitabu kile hakipo tena. Mwalimu alihamishwa, akakiachia shule, na likizo ndefu moja mchwa walipanda kwenye kabati. Wakati shule inafunguliwa palikuwa na majalada mawili na udongo katikati. Mpiga picha, aliyekuwa akimwandikia mwalimu barua, alishaacha kuandika. Hata jina la kitabu hakuna anayelikumbuka sawasawa. Mtoni siku hizi si wengi wanaochimba mchanga, maji ya bomba yamesogea. Watoto wa dada yangu wana picha mia tano kwenye simu moja, wanazisukuma kwa kidole chenye mafuta ya chipsi, na sijawahi kuwaona wakinyamaza mbele ya hata moja. Siwalaumu. Hawajawahi kuambiwa wanawe kwanza.

Miaka yake ya mwisho, macho ya bibi yaliingiwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga tu. Nilikuwa nimeshaanza kazi, na kila likizo mchana tulikaa ukumbini, naye akaniambia, "Nifunulie kitabu." Nami nikaanza kumsimulia kurasa kwa kumbukumbu: jicho la tembo, nyumbu, rundo la pamba.

"Umeruka," akanikatiza. "Baada ya tembo kuna wale fisi wawili."

Bibi hakujua kusoma herufi hata moja, lakini alikijua kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na mimi mwenye vyeti ndiye niliyesahau. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo tulifika kwa babu, nikamweleza shimo, ng'ombe, shavu lililotuna. Alisikiliza huku ametabasamu.

"Halafu ule unaofuata," akasema, "ambapo mimi nimesimama juu ya shimo, ananipa mkono nimvute atoke."

Ukurasa huo haukuwahi kuwamo.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Khanga yako imelowa maji mpaka magotini."

"Alikuwa mzito," akasema, akanyoosha mkono wake mbele.